Gari la Bwana Athumani na Safu ya Sababu

Kwa muda wa miezi minne na siku kumi na mbili, kuanzia Jumatatu tarehe 12 Agosti 1996 hadi Jumanne tarehe 24 Desemba, mimi niliyewafundisha baadhi yenu kushika spana sikuelewa gari moja. Sisemi kwamba nilielewa nusu nikakosa nusu. Sikuelewa kabisa. Nawaandikia habari zake kwa sababu naona ninyi vijana mnaogopa neno "sijui" kuliko mnavyoogopa jeki mbovu, na jeki mbovu ndiyo inayoua.

Gari lenyewe lilikuwa stesheni wagoni jeupe, mtumba kutoka Japani. Biashara ya nje ilikuwa imefunguliwa, na magari ya namna hiyo yalikuwa yameanza kuonekana Makambako, yakiwa na redio zisizoshika stesheni yoyote ya kwetu na maandishi ambayo hakuna aliyeyajua. Mwenye gari alikuwa Bwana Athumani, mfanyabiashara wa vitambaa na sufuria aliyehamia kwetu kutoka Kondoa. Alikuwa na duka Makambako na jingine dogo Njombe mjini, na gari hilo ndilo lililounganisha maduka yake mawili. Aliliosha kila siku, hata siku za ukungu wa Njombe ambapo gari huwa limelowa kabla ya kuoshwa.

Injini yake haikuwa na kabureta. Hilo ndilo lililokuwa jambo geni. Mimi nilikuwa fundi wa kabureta. Marehemu mume wangu, Damiano, alianza kunipa kabureta nizifungue mwaka 1981, kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vyembamba na vyake vilikuwa kama magunzi. Mwaka 1985 nilikuwa nazifunga peke yangu na yeye akija kusikiliza tu. Aliweka mkono juu ya boneti, akafumba macho, akasema, "Mama Vero, hii imelala." Maana yake ilikuwa nzuri. Injini iliyotulia, kwake, ilikuwa imelala.

Damiano alifariki Jumatatu tarehe 9 Oktoba 1995. Kikao cha kumaliza matanga kilifanyika kijijini kwao Kichiwa, Jumamosi tarehe 18 Novemba, na hapo ndipo shemeji yangu Lukasi, mdogo wake, aliposema kwamba gereji si jiko. Baba mkwe hakupenda maneno hayo, lakini hakuyakataa. Ikaamuliwa hivi: nitaiendesha gereji ya Makambako mpaka Januari 1997, kisha ukoo utakaa tena. Wateja wakiwa bado wanakuja, itabaki mikononi mwangu. Wakiwa wamenikimbia, itachukuliwa na Lukasi, ambaye alikuwa dereva wa lori na aliijua injini kwa kuikanyaga.

Sasa mnaelewa kwa nini gari moja jeupe lilininyima raha. Bwana Athumani alikuwa anajulikana na wasafirishaji wote wa Makambako. Kauli yake dukani ilitosha kujaza uwanja wangu au kuuacha wazi.

Siku ile ya tarehe 12 Agosti gari lilikuwa zima. Alilileta kwa matengenezo ya kawaida tu. Nilimwaga oili ya injini nikaweka mpya, nikasafisha plagi, nikafungua sanduku la chujio la hewa na kulitazama chujio. Lilikuwa la karatasi, safi, na kavu. Kisha nikafanya alichonifundisha Damiano.

Hapa yafaa niwaeleze, maana ninyi hamkuyaona magari yale. Lori na Landrova za zamani zilikuwa na bakuli la oili chini ya chujio la hewa. Hewa iliingia, ikapita juu ya oili, na vumbi likanaswa humo kabla ya kufika kwenye injini. Sisi tuliokaa Makambako, ambako kuanzia Juni mpaka mvua za kwanza vumbi hukaa hata ndani ya chumvi, tuliliheshimu bakuli lile. Magari yalipoanza kuja na machujio ya karatasi, Damiano hakuyaamini. Alitengeneza desturi yake: brashi ndogo ya rangi, oili nyepesi katika kopo la bati, na karatasi yote ikapakwa. "Chujio kavu," alisema, "ni mlango usio na komeo." Gereji yetu ilisifika kwa jambo hilo. Madereva waliotoka Mbeya walisimama kwetu kupakwa chujio tu.

Basi nikalipaka chujio la Bwana Athumani, tena mbele yake, na nikamfundisha kulipaka mwenyewe endapo atakuwa safarini. Akanishukuru kwa heshima zote.

Jumamosi tarehe 17 Agosti akarudi.

"Mama Vero," alisema, "shikamoo. Gari limechoka."

"Marahaba. Limechoka vipi, Bwana Athumani?"

"Kwenye tambarare linakwenda. Kwenye kilima linafikiri kwanza."

Nililiendesha mwenyewe kuelekea Njombe. Ilikuwa kama alivyosema. Ukikanyaga mafuta, gari lilisita, likashtuka mara mbili, kisha likapanda kwa unyonge. Nilitoa plagi. Zilikuwa nyeupe kama majivu ya kuni za muwati. Kumbukeni hili: plagi nyeusi inawaambia petroli ni nyingi, plagi nyeupe inawaambia petroli ni chache au hewa imezidi. Nikasema petroli haifiki. Nikabadilisha chujio la petroli. Halikupona. Nikashusha tangi nikaliosha. Halikupona. Tukasema mafuta yamechanganywa na mafuta ya taa, akaanza kununua petroli Njombe badala ya Makambako. Ikawa vilevile. Nikatafuta pampu nyingine, nikaifunga. Siku mbili nilijidanganya kwamba kuna nafuu. Siku ya tatu Bwana Athumani alikuja kwa miguu.

Kila nilipolifungua gari lile, na nililifungua mara nyingi, nilimaliza kazi yangu kwa namna ileile, kwa brashi na kopo.

Kila mtu alikuwa na sababu yake. Wengine walisema ni mwinuko wa Njombe, kwamba gari la Japani limezoea pwani. Nikauliza, mbona Agosti mwanzoni lilipanda? Wengine walisema ni ukungu. Wengine walisema ni husuda za wafanyabiashara. Shekhe akaliombea dua, na katekista wetu akalinyunyizia maji ya baraka kwa hiari yake alipokuwa anapita. Mimi sikumkatalia yeyote. Mtu asiyejua hana haki ya kufunga mlango.

Niliandika yote. Mimi sikusoma utotoni. Nilizaliwa mwaka 1950, na darasa la kwanza maishani mwangu lilikuwa la kisomo cha watu wazima, Jumatatu tarehe 4 Machi 1974, binti yangu Veronika akiwa mgongoni. Mwalimu wetu alituambia tuandike tarehe kwanza, kisha jambo, kwa sababu jambo lisilo na tarehe hugeuka hadithi. Tangu siku ile sijaandika hata barua ya salamu bila tarehe. Daftari langu la gereji lilikuwa na safu tatu: tarehe, tatizo, sababu. Kwa gari la Bwana Athumani, safu ya tatu ilijaa neno moja. Sijui. Sijui. Sijui. Niliandika kwa mwandiko mzuri, lakini ilikuwa ni sijui tu.

Aliyeniondoa katika pampu na matangi alikuwa jirani yangu, Fundi Saidi, aliyetengeneza redio katika kibanda kilichoegemea ukuta wetu. Jumanne tarehe 15 Oktoba alikuja kuomba moto wa sigara, akanikuta nimekaa juu ya tairi nikilitazama gari.

"Mama Vero, mnatazamana tangu asubuhi. Nani atashinda?"

"Lenyewe."

Akachungulia ndani ya boneti. Akaanza kucheka taratibu.

"Waya zote hizi ni za nini?"

"Kompyuta."

"Basi hili si gari, Mama. Hii ni redio yenye magurudumu. Ngoja nilete mita."

Sikupenda kicheko chake, lakini nilimwacha alete mita. Tulifuata nyaya moja moja. Kati ya sanduku la chujio na bomba la mpira linaloingia kwenye injini kulikuwa na kipande cha bomba chenye soketi ya nyaya. Mimi nilikuwa nimekiona tangu Agosti na kukidhania ni kiungo cha bomba. Saidi alikitoa, akakielekeza kwenye mwanga, akaona ndani yake kuna waya mwembamba kuliko unywele.

Hiyo ndiyo sensa ya hewa, vijana wangu. Ninyi mnaijua kwa kuisoma kwenye simu. Mimi niliijua kwa mdomo wa fundi redio, naye aliijua kwa kukisia, lakini alikisia vizuri. Waya ule hupashwa moto kwa umeme. Hewa inayopita huupoza. Kompyuta huongeza umeme ili moto usipungue, na kwa kiasi ilichoongeza hutambua ni hewa kiasi gani imeingia, kisha huagiza petroli ya kutosha hewa hiyo. Waya ukichafuka, hausikii upepo.

"Umevaa sweta," alisema Saidi, ambaye baada ya miaka kumi ya kukaa Makambako alikuwa bado anaulalamikia ubaridi wetu. "Upepo unapita, wenyewe unasema mbona leo shwari. Kompyuta inaamini, inapunguza petroli. Gari linapanda kilima na njaa."

Plagi nyeupe. Nilihisi kitu kinasogea kichwani mwangu, mahali ambapo kwa miezi miwili hapakusogea kitu.

Tukafanya jaribio ambalo bado nawashauri mlifanye kabla ya kuchomeka vifaa vyenu vya kupimia. Tuliwasha injini, tukaisikiliza ikisuasua, kisha tukaizima, tukachomoa soketi ya sensa, tukawasha tena. Haikukubali kuzunguka kwa kasi kubwa, lakini ilitulia. Gari likienda vizuri zaidi pale mnapomnyamazisha shahidi, jueni shahidi anasema uongo. Hata hivyo, kabla hamjamhukumu, tazameni kwanza kama soketi ina kutu na kama bomba la mpira lina ufa nyuma yake, maana hewa inayoingilia kwenye ufa sensa haikuiona, nanyi mtaisingizia.

Nilichukua kitambaa ili niufute waya. Saidi alinipiga kofi mkononi, mimi mama mtu mzima.

"Hapo ukigusa umeua."

Alinituma duka la dawa nikanunue spiriti na bomba la sindano. Tulidondosha spiriti juu ya waya kutoka mbali kidogo, tone baada ya tone, tukaacha ikauke kabisa kabla ya kurudisha umeme. Kazi ilikamilika Jumatano tarehe 16 Oktoba. Gari likapanda kuelekea Njombe kama mbuzi. Bwana Athumani alirudi akiwa amebeba doti ya kanga, akanipa kwa mikono miwili.

Nami, kwa kuona jinsi waya ule ulivyo dhaifu na jinsi vumbi la Oktoba lilivyo kali, nilikuwa nimelipaka chujio lake oili mara mbili, ili niulinde.

Jumatatu tarehe 21 Oktoba likaugua.

Ninyi mnaosoma mmekwisha kuona. Msicheke. Mimi sikuona. Tulisafisha tena tarehe 22, nikapaka chujio. Likaugua tarehe 28. Tulisafisha tarehe 29, nikapaka. Likaugua tarehe 4 Novemba. Tukasema sensa imechakaa. Bwana Athumani akaagiza nyingine Dar es Salaam kwa jamaa yake, ikafika tarehe 20 Novemba, nikaifunga siku hiyohiyo, na nikaipa ulinzi bora kuliko wote. Tarehe 26 alikuja, hakunisalimia. Alinipa ufunguo tu. Mtu wa Kondoa asiyesalimia amefika mbali.

Saidi aliutazama waya mpya kwa kioo cha kukuza.

"Mama Vero, hili si vumbi. Vumbi halinati. Hii ni oili."

"Oili itoke wapi?"

"Wewe ndiye fundi wa oili. Mimi nikiona oili kwenye redio naita polisi."

Oili katika njia ya hewa, kwa fundi wa zamani, ina asili moja: injini imechoka, ringi za pistoni zimelegea, na moshi wa oili unarudi juu. Nilipima nguvu ya silinda kwa kidole, maana hatukuwa na geji. Ilionekana nzuri. Lakini kidole si kipimo.

Jumamosi tarehe 30 Novemba Lukasi alipitia gerejini na lori lake. Alikuwa amesikia. Makambako nzima ilikuwa imesikia. Alishuka akiwa na kopo la rangi ya buluu, akaliweka juu ya benchi langu.

"Kamwene, shemeji," alinisalimu kwa lugha ya kwao. "Bado unapambana na hilo?"

"Kamwene. Bado."

"Shusha injini. Ringi hizo. Mwanafunzi anajua."

"Na rangi ni ya nini, shemeji?"

"Kibao kimepauka." Alikitazama kibao chetu cha nje kilichoandikwa Gereji ya Damiano. "Januari tutakiandika upya. Nimeona ninunue mapema, kabla bei haijapanda."

Aliiacha pale. Kila niliponyoosha mkono kuchukua spana, kopo lile lilikuwa karibu.

Nilikuwa tayari kuishusha injini ile. Nawaambia ukweli huu kwa uchungu. Injini nzima, isiyo na kosa, ya mtu aliyeniamini, ningeifungua mezani kwa sababu sikujua la kufanya na nilitaka nionekane ninafanya. Kilichonizuia ni kukosa gasketi. Nilingoja wiki mbili.

Jumapili tarehe 15 Desemba, baada ya misa, nilikaa na daftari. Sikuwa ninatafuta kitu. Nilikuwa ninahesabu siku za kungoja gasketi. Macho yangu yakashika tarehe: 12 Agosti, 17 Agosti. 16 Oktoba, 21. 22, 28. 29, 4. 20 Novemba, 26. Siku tano, siku tano, siku sita, siku sita, siku sita. Gari lile halikuugua likiwa Njombe wala likiwa kwenye ukungu wala likiwa na petroli ya huku au ya kule. Liliugua baada ya kutoka kwangu.

Nilikaa pale mpaka chai ikapoa. Kisha nikaliendea kopo la Damiano, nikalifungua, nikainusa oili yake nyepesi, na nikaelewa, na papo hapo sikutaka kuelewa. Injini ile ilikuwa inavuta hewa kwa nguvu kupitia karatasi niliyoilowesha mimi. Ilikuwa inavuta ukungu wa oili na kuupaka kwenye waya wa moto, na vumbi likifuata likinata. Bakuli la oili lilikuwa sahihi kwa Landrova, ambayo haikuwa na waya wa kuchafuka. Damiano hakukosea katika magari yake. Lakini mimi nilikuwa nimebeba neno lake kama msalaba wa maandamano, bila kuuliza kama bado tuko kwenye barabara ileile.

Jumatatu tarehe 16 Desemba nilisafisha waya, nikafunga chujio jipya, kavu, na sikumwambia mtu. Hata Saidi sikumwambia. Nilimkabidhi Bwana Athumani gari lake na kusema tu, "Tujaribu tena." Hilo lilikuwa kosa langu la pili, na lilikuwa baya kuliko la kwanza, kwa sababu la kwanza nilirithi, na hili nilichagua. Niliona aibu. Mjane anayeangaliwa na ukoo mzima hapendi kusema kwamba ugonjwa ni yeye.

Zilipita siku tano. Zikapita sita. Siku ya saba nikaanza kuimba nikiwa kazini. Siku ya nane, Jumanne tarehe 24 Desemba, gari likaingia uwanjani likikohoa.

Sijui niwaelezeje. Nilikuwa nimepata sababu baada ya miezi minne, sababu iliyonidhalilisha, nikaikubali hata hivyo, na hiyo nayo ilikuwa ya uongo. Nilisimama kando ya gari na sikukumbuka hata jina la spana niliyoitaka. Bwana Athumani alinihurumia, nadhani, maana alisema kwa upole, "Mama, kaa kwanza."

Nilifungua sanduku la chujio kwa mazoea tu. Chujio lilikuwa linameremeta oili.

Nililigeuza, nikalinusa.

"Bwana Athumani, nani amelipaka hili?"

"Mimi." Alisema kwa fahari kidogo. "Nilisimama hapo Kichiwa, lori limenitimulia vumbi, nikasema nitazame chujio. Nikalikuta kavu kabisa. Nikajua Mama Vero mawazo yamemzidi, amesahau. Nikapaka vizuri, kama ulivyonifundisha. Sikutaka kukwambia, usije ukaona haya."

Basi yeye alinificha ili asiniaibishe, nami nilimficha ili nisiaibike, na gari likaugua kati ya heshima zetu mbili.

Nikamwambia yote. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kwa tarehe, kuanzia Agosti. Nilimwambia petroli ilikuwa njema, pampu ya kwanza ilikuwa nzima, sensa ya kwanza ilikuwa nzima, na kwamba ningeishusha injini yake. Alisikiliza akiwa ameegemea mlango wa gari.

"Yaani," alisema nilipomaliza, "tumelitia sumu kwa zamu."

"Ndiyo."

"Shekhe nimwambie nini?"

"Mwambie dua haikuwa na kosa."

Hakucheka. Aliniangalia, akauliza Januari ukoo unakaa lini, maana habari hiyo nayo ilikuwa imefika dukani kwake. Nikamwambia. Akasema, "Safisha waya. Nitakupeleka mwenyewe. Tukifika, tumefika."

Tulifika. Jumamosi tarehe 11 Januari 1997, siku kumi na nane baada ya chujio kavu, gari lile lilitoka Makambako asubuhi likapanda kila kilima mpaka Kichiwa bila kufikiri. Mimi nilikuwa ninasikiliza kila mlio kama mkunga. Bwana Athumani alikuwa anasema chini kwa chini, "Haya baba, haya baba," na sikujua kama anaongea na gari au na Mungu.

Kikao kilikuwa sebuleni kwa baba mkwe, kandokando ya jiko la mkaa, kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha. Baba mkwe alikuwa amejifunika blanketi mbili na amekasirika kwa ajili ya baridi. Lukasi alizungumza kwanza. Alizungumza vizuri. Alisema gari moja limefanyiwa kazi miezi mitano, mwenye gari amebadilishiwa pampu, amebadilishiwa sensa, na hata sasa hajui ugonjwa ulikuwa nini. "Kama ni uongo," alisema, "shemeji aseme."

Ningeweza kusema gari limepona na kunyamaza. Lilikuwa limeegeshwa nje, kila mtu aliliona. Nilifungua daftari.

Nilisoma tarehe zote. Nilisoma tatizo na nilisoma sababu: sijui, sijui, sijui. Nilisoma tarehe 30 Novemba, shauri la shemeji, kushusha injini. Lukasi akatazama mkaa. Nilipofika tarehe 24 Desemba nilisimama, maana baba mkwe alikuwa amenyoosha mkono akitaka daftari. Hakujua kusoma, lakini alipitisha kidole kwenye safu ya tatu, akishuka taratibu.

"Hapa neno ni lilelile," alisema. "Lile la sijui."

"Ndiyo, Baba."

"Na hili la mwisho ni fupi zaidi. Linasemaje?"

"Linasema 'mimi', Baba."

"Wewe?"

"Mimi. Nililipaka chujio oili, kama nilivyofundishwa, na gari hilo halikutaka oili."

"Mmesikia," alisema Lukasi. "Amekiri mwenyewe."

"Tumesikia." Baba mkwe akamgeukia Bwana Athumani. "Wewe mgeni, ndiye mwenye gari. Utalipeleka wapi sasa?"

"Kwake."

"Baada ya haya?"

"Mzee, mafundi wa Mbeya wangeshusha injini, na injini ikipona wangesema ilikuwa ringi. Ningekufa bila kujua. Huyu najua atakaponiharibia, ataniambia."

Lukasi akasema hilo si sifa ya fundi. Watu wawili wakacheka, na mmoja wao, nilivyoona, alikuwa mke wake.

Baba mkwe hakucheka. Alilifunga daftari, akanirudishia, akavuta blanketi mpaka shingoni. Nilikuwa sielewi bado. Nilitazama nyuso zao moja baada ya nyingine kama nilivyolitazama gari lile, nikitafuta ishara, nisione.

"Lukasi," alisema. "Ile rangi uliyonunua iko wapi?"

"Iko gerejini, Baba. Juu ya benchi."

"Imefunguliwa?"

"Haijafunguliwa."

"Basi iache hukohuko. Huyu anajua kuandika."

Nilikiandika kibao Jumatatu tarehe 13 Januari 1997, kwa brashi ileile ya chujio, baada ya kuiosha kwa petroli mara tatu. Herufi ni za mtu aliyejifunza akiwa mkubwa, ndiyo maana zimesimama wima kupita kiasi. Mnapita chini yake kila asubuhi mkidhani jina hilo ni la mtu mwingine, kumbe ni langu: Gereji ya Agnesi, na chini yake, kwa herufi ndogo, Mjane wa Damiano. Rangi ya buluu imeanza kupauka. Lakini kabla hamjaipaka upya, naomba mnisomee safu ya tatu ya madaftari yenu, nione kama kuna mahali mmeandika jina lenu.